Kandy: mji wa mlimani, jino la Budha na fuvu lililorudi nyumbani

Tangu nirudi kutoka Sri Lanka, kila ninayekutana naye ananiuliza habari za fukwe na chai. Fukwe nimeziona, na chai nimekunywa mpaka basi. Lakini leo nataka niwapeleke Kandy, mji ulioko juu milimani katikati ya kile kisiwa. Hapo ndipo ufalme wa mwisho wa Wasinhala ulipojichimbia kwa zaidi ya miaka 200 huku Wazungu wa kila aina wakiugongea mlango. Hapo pia ndipo nilipokutana na habari ya fuvu moja iliyonikumbusha nyumbani. Kaeni vizuri, ni ndefu kidogo.

Tuanze na jina. Wenyeji hawauiti Kandy. Kwa Kisinhala wanauita Mahanuwara, yaani Mji Mkuu. Nchi yote ya juu waliiita Kanda Uda Rata, nchi iliyo juu ya milima. Wareno walipoisikia wakaikata wakabaki na Candea, Waingereza wakaimalizia ikawa Kandy. Kwa hiyo tunauita mji kwa neno linalomaanisha mlima tu! Msicheke sana, maana hata sisi Waswahili tuliinyofoa B ya Buganda tukapata Uganda, na leo ndilo jina la nchi nzima.

Kutoka Colombo hadi Kandy ni kama kilomita 115. Nilipanda treni. Reli hiyo ilifika Kandy mwaka 1867, na hawakuijenga ili watu wakahiji. Waingereza walitaka kuteremsha kahawa kutoka milimani hadi bandarini. Mwaka 1869 ugonjwa wa kutu ya majani ukaingia mashambani, na katika miaka iliyofuata kahawa ikateketea. Bahati yao, Mskoti mmoja aitwaye James Taylor alikuwa ameanza kulima chai mwaka huohuo wa 1867 katika shamba la Loolecondera, si mbali na Kandy. Chai ikachukua nafasi ya kahawa, na wafanyakazi wa Kitamil waliokuwa wakiletwa kutoka kusini mwa India wakaendelea kuletwa. Nchi ilipopata uhuru mwaka 1948, sheria ya uraia iliyopitishwa mwaka huo iliwaacha wengi wao bila uraia wa nchi yoyote. Ukinywa kikombe cha chai ya Ceylon, kumbuka na hilo.

Treni inapanda taratibu, inaingia kwenye mahandaki, inatoka, upande mmoja ukuta wa jiwe na upande wa pili bonde ambalo ukilitazama sana unapata kizunguzungu. Ndipo nikaelewa kwa nini mji huu ulichelewa kuanguka. Kandy iko kama mita 500 tu juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo mtu wa Mbeya au wa Lushoto anaweza kuona si kitu. Lakini ukitoka pwani ni lazima upite misitu na vijia vyembamba vya milimani, na Mto Mahaweli, mrefu kuliko yote kisiwani, umeuzunguka mji kwa mkunjo. Mtu aliyejua kujificha aliweza kumla adui kidogo kidogo.

Na waliliwa kweli. Wareno walifika kisiwani mwaka 1505, wakashika pwani. Mwaka 1594 wakapanda Kandy na jeshi kubwa, likamalizwa huko Danture. Wakarudi mwaka 1630, wakapigwa Randeniwela. Mwaka 1638 wakapigwa tena Gannoruwa, karibu kabisa na mji. Mwaka huohuo Mfalme Rajasinha wa Pili akaingia mkataba na Waholanzi wamsaidie kuwafukuza Wareno, na kufikia 1658 Wareno walikuwa wameondoka. Je, Waholanzi walimkabidhi mfalme pwani yake? Thubutu! Walikaa wao. Wasinhala wana methali inayosema kwamba ni kama kutoa tangawizi ukapewa pilipili. Sisi tungesema ameruka mkojo akakanyaga mavi.

Sasa twende kwenye jino. Katikati ya mji, pembeni ya ziwa, kuna hekalu linaloitwa Sri Dalada Maligawa, Hekalu la Jino. Wabudha wanaamini kwamba humo limehifadhiwa jino la Budha mwenyewe. Mapokeo yanasema lilifika kisiwani katika karne ya 4 kutoka Kalinga, India, likiwa limefichwa katika nywele za binti mfalme aitwaye Hemamali.

Unavua viatu nje. Watu wengi wamevaa nyeupe tupu. Wamebeba maua ya yungiyungi na asumini, na harufu yake inakutangulia kabla hujapanda ngazi. Mara tatu kwa siku kuna ibada, na wakati huo ngoma na zumari zinapigwa kwenye ukumbi wa chini mpaka unazisikia kifuani. Jino lenyewe huoni. Liko ndani ya vijaluba saba vya thamani, kimoja ndani ya kingine, na mlango ukifunguliwa unapita kwenye foleni, unatupia jicho kile cha nje, unasogea. Mbele yangu alikuwa mama mmoja mtu mzima aliyekuwa na sekunde zake chache tu kama sisi wengine. Alizitumia zote akiwa amefumba macho. Mimi niliyafumbua yote mawili na sidhani kama niliona zaidi yake.

Lakini jino hili halikuwa jambo la dini peke yake. Watu waliamini kwamba anayelishika ndiye mwenye haki ya kutawala. Chukua mfano wa Vimaladharmasuriya wa Kwanza, aliyetawala kuanzia 1592. Huyu aliwahi kubatizwa na kuishi na Wareno kabla ya kuwageuka, na ukoo wake haukumpa njia ya wazi ya kukalia kiti. Alifanya nini? Alimwoa Kusumasana Devi, binti wa mfalme wa zamani, kisha akalileta jino Kandy na kulijengea hekalu. Kwa mke alipata ukoo, kwa jino akapata baraka. Wanasiasa wetu wanaopiga picha na masheikh na maaskofu wakati wa uchaguzi hawajagundua kitu kipya.

Kuna jambo jingine ambalo vijitabu vya watalii hupita haraka. Kuanzia mwaka 1739 wafalme wa Kandy hawakuwa Wasinhala kwa nasaba. Mfalme aliyekufa hakuacha mrithi anayestahili, ufalme ukaenda kwa shemeji yake, ndugu wa malkia, wa ukoo wa Nayakkar kutoka kusini mwa India. Walitoka katika jamii ya Kihindu, na Kitamil kilikuwa lugha ya kawaida katika jumba lao. Na bado ni mmoja wa hao hao, Kirti Sri Rajasinha, aliyetawala 1747 hadi 1782, aliyeufufua Ubudha ulipokuwa hoi. Utaratibu wa kuwapa watawa daraja la juu ulikuwa umekatika kwa sababu hawakuwepo watawa wa kutosha wenye daraja hilo. Mfalme akatuma ujumbe Siam, ambayo leo ni Thailand, na mwaka 1753 watawa wakiongozwa na Upali wakaja wakaurudisha. Waliletwa na meli ya nani? Ya Waholanzi, Wakristo wa Kikalvini! Mpaka leo tawi kubwa la watawa wa Sri Lanka linaitwa Siam Nikaya.

Huyo huyo ndiye aliyeagiza jino litembezwe katika maandamano ya Esala, ambayo kabla ya hapo yalikuwa zaidi ya miungu minne yenye mahekalu yao mjini: Natha, Vishnu, Kataragama na Pattini. Maandamano hayo, Perahera, bado hufanyika kila mwaka kati ya Julai na Agosti, kwa siku kumi: tembo waliovishwa mavazi ya kumetameta, wacheza ngoma, mienge ya moto. Siku hizi tembo mkuu hubeba kijaluba cha mfano, jino halitoki. Tembo aliyependwa kuliko wote, Raja, alikufa mwaka 1988 na mwili wake umekaushwa na kuwekwa katika nyumba ya makumbusho palepale hekaluni.

Kwa hiyo mila inayotajwa leo kuwa uti wa mgongo wa Ubudha wa Kisinhala ilijengwa na mfalme wa ukoo wa Kihindu, watawa wa Siam na meli ya Kiholanzi. Simwondolei mtu dini yake. Nasema tu kwamba watu wa Kandy ya zamani walijua kuchanganya. Hata Waislamu waliofukuzwa pwani na Wareno mwaka 1626 walipokewa na Mfalme Senarat, akawapa mahali pa kuishi upande wa mashariki.

Sasa anguko. Waingereza waliwarithi Waholanzi pwani mwaka 1796. Mwaka 1803 wakapanda Kandy, wakaukuta mji mtupu, wakamweka mfalme wao wa bandia. Baada ya miezi michache kikosi walichokiacha kilikuwa kimeisha kwa homa na njaa, kikajisalimisha, na wengi wakauawa. Kamanda wao, Meja Davie, alibaki mateka mpaka alipokufa. Mpaka hapo milima ilikuwa bado inafanya kazi yake.

Milima haikuweza kuziba ufa wa ndani. Mfalme wa mwisho, Sri Vikrama Rajasinha, aliyeingia mwaka 1798, aliupamba sana mji. Ziwa unaloliona leo katikati ya Kandy ni kazi yake. Jengo la pembe nane mbele ya hekalu, linaloonekana katika kila kadi ya posta, limetoka enzi yake pia, kwa ufundi wa Devendra Mulachari. Lakini watu walichoshwa na kazi za lazima, na machifu wakaanza kunong'ona na Waingereza. Mkubwa wao, Ehelepola, akaasi mwaka 1814, akakimbilia pwani. Mfalme akamgeukia mkewe na watoto wake. Wote waliuawa. Inasimuliwa kwamba mtoto mkubwa aliogopa, na mdogo wake, Madduma Bandara, akasogea mbele akamwonyesha kaka yake jinsi ya kufa. Kila mtoto wa shule Sri Lanka anakijua kisa hicho.

Februari 1815 Waingereza waliingia Kandy wakielekezwa njia na wenye nchi. Mfalme alikamatwa, akapelekwa Vellore, India, akafia huko mwaka 1832. Tarehe 2 Machi 1815, katika ukumbi wa nguzo za mbao zilizochongwa uitwao Magul Maduwa, machifu na Gavana Robert Brownrigg wakakubaliana kwamba ufalme sasa ni wa mfalme wa Uingereza. Ukumbi bado upo, wazi pande zote, hatua chache kutoka hekaluni. Nilikaa hapo muda mrefu nikijiuliza walikuwa wanafikiri nini.

Nadhani walifikiri wanabadilisha mfalme tu. Wamemwondoa mgeni wa kutoka India, wanamweka mgeni wa kutoka London, na mambo yao yatabaki vilevile. Kifungu cha 5 cha mkataba kiliahidi kwamba dini ya Budha haitaguswa, na kwamba ibada na mahekalu yake vitalindwa. Machifu walibakiziwa vyeo. Ni hesabu ileile waliyoipiga machifu wa Buganda kwenye mkataba wa 1900. Ehelepola naye, inasemekana, alitumaini atapewa kiti. Waingereza walimshuku, wakamweka kizuizini, na mwishowe wakampeleka Mauritius, alikofia mwaka 1829.

Haikupita miaka mitatu, machifu wakagundua walichokisaini. Mwishoni mwa 1817 wananchi wa Uva na Wellassa waliinuka. Waingereza wakamtuma mtu wao akaizime hiyo moto: Keppetipola, chifu aliyekuwa mmoja wa waliosaini mkataba wa 1815, kaka wa yule mama aliyeuawa na watoto wake. Yaani alikuwa na kila sababu ya kuuchukia ufalme wa zamani. Alipofika huko akajiunga na waasi. Inasimuliwa kwamba alirudisha kwanza bunduki alizopewa na Waingereza, akisema hawezi kupigana nao kwa silaha zao.

Uasi ulienea karibu nchi yote ya juu. Waingereza walijibu kwa kuchoma vijiji, kuharibu mazao na kuua mifugo, hadi njaa ikawafikisha watu magotini. Msomaji wa Songea au Kilwa hahitaji kuelezwa, maana Wajerumani walifanya hayohayo wakati wa Maji Maji, 1905 hadi 1907. Jino nalo, lililokuwa limetoroshwa, likaangukia mikononi mwa Waingereza, na watu wengi wakaona basi, mbingu yenyewe imeshaamua.

Keppetipola alikatwa kichwa mjini Kandy Novemba 1818. Kabla ya hapo alipelekwa Hekalu la Jino akasali. Daktari wa jeshi la Uingereza, Henry Marshall, aliandika baadaye kwa heshima kubwa kuhusu ujasiri wake, akasema kwamba kama uasi ungefanikiwa mtu huyu angeitwa mzalendo badala ya msaliti. Maneno mazuri. Kisha daktari huyohuyo akalichukua fuvu lake akalipeleka Edinburgh, kwenye makumbusho ya chama cha watu walioamini kwamba umbo la fuvu linaonyesha tabia ya mtu.

Fuvu hilo lilirudishwa Kandy mwaka 1954. Leo liko chini ya mnara wa kumbukumbu karibu na hekalu. Nilisimama mbele ya mnara huo, nikausoma mwaka, nikausoma tena. 1954!

Mnaojua historia yetu mmeshanielewa. Mkwawa, mtwa wa Wahehe, aliyeiangamiza safu ya Wajerumani pale Lugalo mwaka 1891, alijiua Julai 1898 kuliko kukamatwa. Kichwa chake kikapelekwa Ujerumani. Mkataba wa Versailles wa 1919, ule uliomaliza vita vya dunia, katika kifungu cha 246 uliitaka Ujerumani ilirudishe fuvu. Ikachukua miaka mingine 35. Gavana Edward Twining alilipata katika makumbusho ya Bremen, na Juni 1954 likakabidhiwa Kalenga. Watu wawili wa nchi za milimani, bahari nzima kati yao, mmoja kauawa na Waingereza na mwingine kawindwa na Wajerumani, mafuvu yao yakarudi nyumbani mwaka mmoja. Sisemi kuna muujiza. Nasema biashara ilikuwa moja.

Tofauti ipo, nayo inafaa kufikiriwa. Ceylon ilikuwa huru tangu 1948 ilipompokea Keppetipola. Sisi Mkwawa alirudishwa na gavana wa Kiingereza, bendera ya Kiingereza ikipepea. Mtawala mmoja akarudisha alichoiba mtawala mwenzake, na bila shaka alitegemea ashukuriwe. Na hata Sri Lanka hawakumaliza haraka: tangazo la Waingereza lililowaita Keppetipola na wenzake wasaliti lilifutwa rasmi na Rais Maithripala Sirisena mwaka 2016. Karibu miaka 200! Karatasi ya mkoloni haina haraka ya kufa.

Kuna uhusiano mwingine na sisi, wa karibu zaidi. Wakati wa Vita vya Pili, askari wa Keya kutoka Tanganyika, Kenya, Uganda na Nyasaland walipelekwa Ceylon kuilinda na kufanya mazoezi ya vita vya msituni kabla ya kwenda Burma. Mwaka 1944 Lord Mountbatten, kamanda mkuu wa eneo lote lile, alihamishia makao yake Peradeniya, kwenye bustani ya mimea pembeni ya Kandy ambako leo maharusi hupiga picha. Februari mwaka huohuo meli Khedive Ismail iliyotoka Mombasa kwenda Colombo ilizamishwa na nyambizi ya Kijapani karibu na Maldives. Walikufa karibu watu 1,300, wengi wao askari wa mizinga wa Afrika Mashariki. Babu zetu hao hawakufika kuona ziwa wala hekalu. Mashuleni kwetu wanatajwa kwa nadra mno.

Nisiwape picha ya mji wa amani tupu. Tarehe 25 Januari 1998 Tamil Tigers walilipua lori la mabomu mbele ya Hekalu la Jino, wakaua zaidi ya watu kumi na kubomoa sehemu ya mbele. Ilikuwa siku chache kabla ya sherehe za miaka 50 ya uhuru zilizopangwa kufanyika hapohapo. Hekalu lilikarabatiwa, na leo unapekuliwa kabla ya kuingia. Vita viliisha Mei 2009. Lakini Machi 2018, katika wilaya hiyohiyo ya Kandy, makundi ya Wasinhala yalichoma maduka, nyumba na misikiti ya Waislamu hadi serikali ikatangaza hali ya hatari. Katika mji ambao mfalme wake aliwahi kuwapa Waislamu hifadhi!

Dereva wa bajaji aliyenirudisha stesheni alikuwa Mwislamu. Nilimwuliza kama bado anaogopa. Alinyamaza kidogo, akaniambia wateja wake wengi ni watu wanaokwenda hekaluni, na kwamba babu wa babu yake alizaliwa hapa. Kisha akaniuliza Tanzania tuna makabila mangapi. Nikamwambia zaidi ya 120. Akaniuliza tunawezaje. Nikaanza kumweleza habari za Kiswahili na Mwalimu, tukafika kabla sijamaliza, na sina hakika kama jibu langu lilimtosha.

UNESCO iliuweka mji huu katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 1988. Sawa. Lakini nilichokipenda mimi ni kwamba pale pale, ndani ya mwendo wa dakika tano, unaweza kuona ukumbi walikosaini kuuza nchi na mnara wa mmoja wa waliosaini, aliyejuta akafa akiipigania. Hawakukificha kimoja ili kingine kipendeze.

Sisi je? Kalenga ni kama kilomita 15 tu kutoka Iringa mjini. Fuvu la Mkwawa liko hapo katika makumbusho madogo. Wangapi kati yetu tumewahi kupita Iringa tukienda Mbeya, tukanunua vitunguu barabarani, tukaendelea na safari?